Muulizeni Alisimama Wapi

Kuna swali ambalo, kama ningepewa mamlaka ya siku moja tu, ningelipiga marufuku kwenye redio, televisheni na chaneli zote za mtandaoni za nchi hii: "Mama, ni changamoto gani umepitia kwenye sanaa?"

Linaulizwa kila anapoketishwa mwigizaji wa kike aliyevuka miaka 55. Anayeuliza ni kijana, kipaza sauti chake kina nembo, nyuma yao kuna kochi au mgomba. Mama akijibu kwa ufupi, kijana anamchokonoa: na mume? Na watoto? Na ule ugonjwa? Wenzako wamekutupa? Muda wote anangoja kitu kimoja. Chozi likishuka kamera inasogea, na hapo kipindi kimepatikana. Kichwa cha habari kitaandikwa kwa herufi kubwa, na neno MKONGWE halitakosekana.

Nimefika mahali nalichukia neno hilo kwa jinsi linavyotumika siku hizi. Mkongwe wa siasa anaombwa ushauri. Mkongwe wa soka anaitwa studio kuchambua mechi, aeleze kwa nini beki wa kushoto alipanda mapema. Mkongwe wa maigizo, hasa akiwa mwanamke, anaombwa ushuhuda wa mateso. Alichokifanya kwa miaka thelathini, na namna alivyokifanya, vinachukuliwa kama jambo lililojitokea lenyewe, mfano wa mvua.

Yaliyonifikisha kwenye hasira hii yanatoka Lukole. Kwa wasioijua, Lukole ilikuwa kambi ya wakimbizi wilayani Ngara, si mbali na Benaco, pale barabara ya malori inapogawanyika, moja ikienda Rusumo na nyingine Ngara mjini na mpaka wa Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na dunia ikalijua jina la Benaco. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Lukole ikabaki ya Warundi, Lukole A na Lukole B, watu waliokaribia 100,000, mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Mtoto wa Ngara wa umri wangu amekua akisikia habari za kambi kama watoto wengine wanavyosikia habari za vita vya Kagera: nani alipata kazi kwa wazungu, nani alinunua baiskeli, magunia ya nani yalikuwa na maandishi ya WFP.

Shahada yangu ya pili inahusu vikundi vya maigizo vya kambini, na ndivyo nilivyomfikia mama mmoja ambaye sasa anaishi upande wa Biharamulo. Si mkimbizi. Ni Mhangaza, na Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja lilipounda kikundi cha maigizo cha kuzunguka kambini lilimchukua yeye na vijana wengine wa vijiji vya jirani, wakachanganywa na vijana wa Kirundi. Kipindupindu, UKIMWI, ugomvi wa ndoa, watoto wa kike kwenda shule: hizo zilikuwa mada. Kambi ilipofungwa aliendelea na kampeni za vijijini. Kwa hesabu yake mwenyewe ameigiza miaka 14. Jina lake silitaji kwa kuwa hataki litajwe tena, baada ya yaliyompata na kamera.

Yaliyompata ni haya. Watu wa televisheni moja ya mtandaoni walifika kwake, wakamrekodi saa mbili na zaidi. Kilichorushwa kilikuwa dakika 11, chenye muziki wa kinanda wa kuhuzunisha chini yake. Humo kuna kifo cha mumewe, mguu unaomsumbua, nyumba ya tope, na kichwa cha habari kinachosema kwamba aliyewaburudisha wakimbizi sasa anakula mlo mmoja kwa siku.

"Mwanangu, mimi nakula mara tatu," aliniambia, bado ameudhika. "Niliwaambia nikienda shamba sili mchana. Nani anakula mchana akiwa shamba?"

Katika saa mbili zile aliwaeleza pia kazi. Najua kwa sababu alinieleza na mimi, siku nne mfululizo, alasiri, akishatoka shamba, na kila alipofika mahali pazuri alisema, "Hili nililisema pale, wakalitoa." Acha nilirudishe hapa, walau sehemu yake.

Uwanja wa kambini hauna jukwaa. Watu wanakuzunguka pande zote, kwa hiyo wakati wowote kuna nusu ya watazamaji wanaouona mgongo wako. Waigizaji wageni huhangaika, wanazunguka kama pia ili kila mtu awaone, na mwisho hakuna anayewaona. Yeye aligundua kwamba mgongo nao unasema. Ukimkatalia mtu, unampa mgongo. Na kwa kugeuka huko unawapa uso watu wa upande wa pili, ambao wanakuona wewe unayekataa wakati wa kwanza wanamwona aliyekataliwa. Basi akawa anapanga mchezo mzima kwa kukataa. Mkwe anakataa uji, mke anakataa kuondoka, binti anakataa kuolewa, na kila "sitaki" ni nafasi ya kugeukia umati uliokuwa umesahauliwa.

Sauti je? Watu mia kadhaa, upepo wa Ngara, watoto waliokaa mbele wakigombana, na kipaza sauti hakuna. Wenzake walipiga kelele, na kufikia wiki ya pili walikuwa wamekauka koo. Yeye alishusha sauti. "Ukipaza, na wao wanapaza. Ukishusha, mama mmoja atamwambia jirani yake nyamaza, na huyo atamwambia wa nyuma yake, mpaka kimya kifike mwisho, wamekibeba wao wenyewe." Alinieleza pia habari ya jua: kabla ngoma haijapigwa unatazama watu wengi watasimama wapi, kisha unahakikisha jua liko nyuma yao. Mwigizaji ndiye wa kuumia macho. Mtu anayekunja uso kwa jua hacheki, na asipocheka hakumbuki kitu.

Siku moja, Lukole B, walikuwa na mchezo wa mume anayempiga mkewe. Yeye ndiye mke. Katikati ya kipigo mzee mmoja akavuka duara, akamshika mkono mwigizaji wa mume na kumwambia kwa Kirundi amwache yule mwanamke. Hakuwa anatania. Sasa fikiria uamuzi uliomkabili mtu yule kwa sekunde mbili, akiwa chini kwenye vumbi. Ukitoka kwenye uhusika na kusema "mzee, tunaigiza tu", mchezo umekufa na mzee ameaibika mbele ya majirani zake, kambini, mahali ambapo heshima ilikuwa miongoni mwa vitu vichache alivyobaki navyo. Ukiendelea kama vile hayupo, huenda akampiga mwenzako kweli. Akapiga magoti mbele ya mzee akamwambia, "Baba mkwe, umechelewa kufika."

Kwa maneno hayo manne akamtia mchezoni. Mzee akawa mhusika, na kwa kuwa baba mkwe ana haki ya kusema, akasema. Alimkanya "mwanawe" kwa dakika kama kumi, umati ukiitikia. Mumewe wa mchezoni, kijana wa Kirundi wa miaka 20, aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Karatasi ya mradi ya siku hiyo ilisema ujumbe uwe kupeleka malalamiko ofisini. Msimamizi alikuwa pembeni anahesabu vichwa, aandike idadi ya waliofikiwa.

Chuoni tunasomeshwa habari za Augusto Boal wa Brazil, aliyetaka mtazamaji auvuke mstari na kuingia katika mchezo. Tunamsoma kwa Kiingereza na kufanyia mtihani. Sina ugomvi na Boal. Lakini mwanamke aliyelitatua jambo hilo akiwa amepiga magoti kwenye vumbi la Lukole yuko hai, saa mbili kwa bodaboda kutoka barabara kuu, na chaneli iliyompata ilitaka kujua anakula mara ngapi.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, mtu mwerevu, aliniambia nisikuze mambo: wale hawakuwa waigizaji, walikuwa wahamasishaji. Ni kweli, ndivyo karatasi zilivyowaita. Kila mwezi alisaini orodha ya mahudhurio iliyosema "mhamasishaji", akapokea posho. Ukiitwa mwigizaji, una fani, na mwenye fani huenda akaulizia mkataba na michango ya NSSF. Mhamasishaji anapewa fulana na kofia. Sijui kwa nini watu wa sanaa tunalikubali neno la mhasibu kama vile ni neno la uhakiki.

Kuna jambo alilolisema siku ya tatu ambalo limenikaa. Tulikuwa tunazungumzia wakimbizi, jinsi kila mgeni aliyeshuka kwenye gari jeupe alivyotaka kusikia walivyokimbia. "Wale," alisema, "walipewa mchezo mmoja tu, na ilibidi waucheze kwa kila mgeni." Asieleweke vibaya. Waliyoyapitia yalikuwa ya kweli, na alikuwa na marafiki miongoni mwao ambao usiku walipiga kelele usingizini. Alichomaanisha ni kwamba mtu aliyekuwa fundi cherehani, mwalimu, mchezaji wa mpira, mwanasiasa, alipokaa mbele ya mgeni alikuwa na habari moja tu inayosikilizwa. Simon Turner, mtafiti wa Denmark aliyeishi na kufanya utafiti Lukole mwishoni mwa miaka ya 1990, ameandika kitabu kizima kuhusu hilo: jinsi mfumo wa misaada ulivyomtaka mkimbizi awe mwathirika asiye na siasa, na jinsi wanaume walivyolalamika kwamba wake zao wanaiona UNHCR kuwa mume bora kuliko wao. Mama huyu hajamsoma Turner. Aliliona kwa jicho la mtu anayejua mchezo unapangwa vipi na nani anayegawa nafasi.

Ndiyo sababu naona kijana wa chaneli ni ndugu wa yule mgeni wa gari jeupe. Nia yake ni njema, pengine. Anataka wasamaria wema wachangie, na namba ya simu inapita chini ya kioo. Lakini sharti la kusikilizwa ni lile lile: njoo na jeraha, ufundi uache nyumbani.

Na tabia hii haikuanzia kwenye chaneli za mtandaoni. Wasomi tuliitangulia. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha *Twende na Wakati*, mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, mara mbili kwa wiki. Humo yumo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njia nzima, na Tunu mkewe, ambaye mwishowe anamwacha na kusimama mwenyewe. Mtu wa Benaco hahitaji kuelezwa Mkwaju ni nani; malori yanalala pale. Mchezo ule ukawa maarufu kwa watafiti duniani kwa sababu hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha, hivyo watu wa eneo lile waliweza kulinganishwa na waliousikia. Makala ya Everett Rogers na wenzake ya mwaka 1999 bado inasomwa na wanafunzi wa mawasiliano. Utakuta asilimia, utakuta nadharia, utakuta Tunu akichambuliwa kama mfano wa mtu aliyebadilika.

Lakini Tunu alikuwa na koo. Kuna mwanamke aliyeingia studio Dar es Salaam akaamua avute pumzi wapi kabla ya kusema kwamba anaondoka, na uamuzi huo wa pumzi ndio uliosafiri kwenye mawimbi mpaka jikoni kwa watu. Nadharia inasema wasikilizaji walijifunza kwa kumwiga mhusika. Mhusika hana sauti mpaka mtu ampe. Ningependa kusoma walau ukurasa mmoja juu ya pumzi ile.

Mtu ataniuliza: mbona wapo waigizaji wa kike wanaoulizwa mawazo? Wapo. Profesa Amandina Lihamba aliigiza katika *Arusi ya Mariamu* ya 1985 na akamcheza Samehe katika *Maangamizi*, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar mwaka 2001. Ameandika tamthiliya, *Hawala ya Fedha* na *Mkutano wa Pili wa Ndege* zikiwemo. Uzamivu wake wa Leeds, 1985, ulihusu siasa na maigizo baada ya Azimio la Arusha. Yeye na Penina Mlama ndio walioanzisha TUSEME mwaka 1996, wasichana wa sekondari watumie maigizo kusema yanayowakwaza shuleni. Anapokaa kuhojiwa, maswali yanakuja na adabu: unaionaje sanaa ya jukwaani leo, lugha ina nafasi gani. Vizuri sana. Ninachokataa ni kwamba ilibidi awe profesa ndipo aulizwe. Aliyeishia darasa la saba akaulizwa kuhusu mume.

Kinachouma zaidi ni kwamba kizazi kile cha Lihamba na Mlama kilifanya kinyume kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wao na Eberhard Chambulikazi walikwenda kijijini Malya, mkoani Mwanza, na kazi ilianza kwa kuwauliza wanakijiji wana ngoma zipi, wanacheza vipi, na ni tatizo gani wao wenyewe wanaona linafaa kuchezwa. Mtu wa kijijini alichukuliwa kuwa mjuzi wa sanaa yake. Baadaye fedha za miradi zikaja, ujumbe ukawa unafika umeshaandikwa, na mjuzi akageuka kipaza sauti. Kijana wa kamera amezaliwa katika hali hiyo, hakuiona nyingine.

Hata kuandika maisha ya msanii wa kike kwa Kiswahili tulishawahi kuonyeshwa njia. Shaaban Robert, katika miaka ya 1950, alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu na baadaye, mwaka 1928, akaenda Bombay kurekodi santuri. Umaskini wake umo kitabuni. Lakini ukikifunga, unachobaki nacho ni mwanamke mwenye kazi.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito: waigizaji wetu wanakufa maskini kweli, je, tunyamaze? Hapana. Ila umaskini wa mwigizaji tuuseme kwa lugha ya fedha. King Majuto alipougua na kufariki Agosti 2018, kwa muda mfupi nchi ilizungumza lugha hiyo, mikataba ikatajwa, watu wakauliza nani alilipwa nini kwa tangazo gani. Kisha tukarudi kwenye michango ya simu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na hiyo hakishiriki ndiyo haki ya mtendaji, mwigizaji akiwemo, juu ya utendaji wake uliorekodiwa. Mwandishi anayejali angemuuliza mama: ulisaini karatasi gani? Nani ana kanda? Zinarushwa bado? Ulilipwa mara moja au kila zinaporushwa? Maswali hayo hayatoi chozi. Yanaweza kutoa barua ya wakili.

Mama wa Biharamulo aliwahi kurekodiwa. Michezo yao kadhaa ilipigwa picha kwa kamera ya video ya shirika, kanda zikapelekwa anakokuita "makao makuu". Hajawahi kujiona akiigiza, hata mara moja. Nilipomuuliza kama angependa, hakujibu kuhusu kupenda. Aliuliza kama kamera ilikuwa imewekwa upande wa jua au upande wa watu, maana kama iliwekwa upande wa jua, basi itakuwa imemwonyesha mgongo kwenye mahali pale pa kupiga magoti.

Kanda hizo bado nazitafuta. Wakati huohuo niliona jambo rahisi zaidi ni kuwaandikia wale wa televisheni ya mtandaoni, niwaombe rekodi kamili ya saa mbili: habari ya mgongo, habari ya jua, mzee wa Lukole B, vyote vimo kwa sauti yake mwenyewe akiwa hajachoka. Niliandika mara mbili. Mara ya pili walijibu, kwa adabu, kwamba kipindi kiliporuka walifuta zilizobaki, kwa sababu kadi ilikuwa imejaa.